Mali Bila Daftari: Hesabu ya Joto Jikoni Mwetu

WAZEE wetu walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hii ni ya kweli, wala hapana mwenye akili atakayeibisha. Lakini elimu ya kemia yatuongezea neno moja ambalo wazee hawakulitia katika methali yao: pafukapo moshi mwingi, moto wenyewe haujatimia. Moshi ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Ni mali uliyoinunua kwa fedha yako, ukaiwasha kwa kiberiti chako, kisha ikapita mbele ya macho yako na kutokea dirishani pasipo kuivisha hata punje moja ya maharage.

Tumfikirie mfanyakazi mmoja wa bandarini, Dar es Salaam. Siku ya mshahara hukaa na mkewe wakapanga matumizi ya mwezi. Bei ya unga waijua, kodi ya chumba waijua, nauli ya kwenda kazini na kurudi waijua hata senti ya mwisho. Lakini mwulize ndugu huyu: katika kopo la mkaa ulilonunua jana, ni joto kiasi gani lililoingia ndani ya sufuria, na ni kiasi gani lililokwenda kupasha hewa ya uani? Hapo atanyamaza. Si kwamba ni mjinga. Hakuna aliyemfundisha kwamba joto nalo hupimwa, kama unga upimwavyo kwa kilo na kanga kwa doti.

Mali bila daftari huisha bila habari. Makala haya yanakusudia kulifungua daftari la joto mbele ya msomaji, ili kila mmoja wetu ajue mapato yake, matumizi yake, na wezi wanaoiba katikati.

Joto latoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba joto limelala ndani ya kuni kama fedha ndani ya sanduku, na kwamba kiberiti ndicho ufunguo. Sivyo hasa. Kuni peke yake haziwezi kutoa joto hilo. Oksijeni, ambayo ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa tuivutayo, nayo peke yake haiwezi. Joto huzaliwa pale viwili hivi vinapokutana, vikaachana na vifungo vyao vya zamani na kufunga vifungo vipya.

Tuchukue mfano mwepesi, gesi iitwayo methani. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Kila molekuli ya methani ina atomu moja ya kaboni iliyoshikana na atomu nne za haidrojeni. Ili methani iungue, sharti vifungo hivyo vinne vivunjwe, na vifungo vya oksijeni pia vivunjwe. Kuvunja ni gharama. Kwa gramu 16 za methani na gramu 64 za oksijeni zinazohitajiwa kuiunguza, gharama hiyo ni karibu kilojouli 2,650. Kilojouli ni kipimo cha joto, nasi tutakieleza punde hivi.

Baada ya kuachana, atomu hizo hushikana upya. Kaboni hushikana na oksijeni ikawa kaboni dayoksaidi, ambayo wengi wetu twaiita hewa ukaa. Haidrojeni nayo hushikana na oksijeni ikawa maji, katika hali ya mvuke. Kushikana huku ni mapato, nayo hufikia karibu kilojouli 3,450. Toa gharama katika mapato. Faida ni kilojouli 800. Faida hiyo ndiyo joto.

Hesabu hii yaeleza pia kwa nini kuni haziwaki zenyewe zikiwa zimepangwa ukutani. Gharama ya kuvunja vifungo hulipwa kwanza, na mapato huja baadaye. Kiberiti ni mkopo wa kuanzia. Moto ukisha kushika, faida ya kuni za kwanza hulipa gharama ya kuni zinazofuata, na biashara hujiendesha yenyewe.

Waliolifungua daftari

Hesabu ya joto haikushuka kutoka mbinguni. Ilianzishwa na watu waliokaa na mizani wakapima. Mmoja wao ni Antoine Lavoisier, Mfaransa, ambaye aliishi kwa hesabu za namna mbili: alikuwa mwanakemia, na alikuwa pia mshirika katika kampuni iliyomtozea mfalme kodi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, yeye na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace walitengeneza chombo kilichozungukwa na barafu. Kitu chenye joto kilipowekwa ndani, barafu iliyeyuka. Maji yaliyotiririka yalipimwa, na uzito wa maji ukawa ndio kipimo cha joto.

Waliunguza mkaa ndani ya chombo hicho. Kisha wakamweka humo simbilisi akiwa hai, wakapima barafu aliyoiyeyusha kwa joto la mwili wake. Walipolinganisha hesabu hizo mbili na hewa ukaa iliyotoka, wakaona kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Ndiyo kusema kwamba ugali tulao nao ni kuni, na mwili wa mfanyakazi ni jiko. Lavoisier alikatwa kichwa mjini Paris tarehe 8 Mei 1794, kwa ajili ya ile kampuni ya kodi. Lakini daftari la joto alilolifungua halikufungwa.

Katika miaka ya 1840, James Prescott Joule, Mwingereza, mwana wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alionyesha kwamba kazi ya kukoroga maji hubadilika ikawa joto kwa kadiri isiyogeuka. Kwa heshima yake kipimo cha joto huitwa jouli. Jouli 1,000 ni kilojouli moja, na kilojouli 1,000 ni megajouli moja. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja yahitaji kilojouli 4.2 hivi. Msomaji aishike tarakimu hiyo, maana tutairudia.

Mwaka 1840, Germain Henri Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St Petersburg katika Urusi, alitangaza kanuni ambayo hata leo ndiyo msingi wa hesabu hii. Alisema kwamba jumla ya joto litokalo katika mabadiliko ya kemia ni ile ile, yafanyike kwa hatua moja au kwa hatua nyingi. Njia haiongezi mali. Tutakapolifikia tanuri la mkaa tutaiona nguvu ya kanuni hiyo.

Baadaye, katika miaka ya 1880, Mfaransa mwingine, Marcellin Berthelot, alitumia chombo kizito cha chuma chenye kifuniko cha kukaza. Ndani yake hutiwa kipande kidogo cha nishati pamoja na oksijeni iliyoshindiliwa. Chombo huzamishwa katika maji, nishati huwashwa kwa waya wa umeme, na kipimajoto husoma ni digrii ngapi maji yamepanda. Chombo hicho kikaitwa bomu, ingawa kazi yake ni ya amani kabisa. Kwa vyombo vya namna hiyo nishati zote za dunia zimepimwa.

Kila nishati na kadiri yake

Basi na tuzitazame tarakimu zenyewe, tukihesabu kwamba mvuke wa maji hutoroka angani, kama uendavyo katika majiko yetu. Kilo moja ya kuni zilizokauka vema kwa jua na upepo hutoa karibu megajouli 15. Kilo moja ya mkaa hutoa karibu 30. Mafuta ya taa hutoa 43, gesi ya mitungi 46, na methani tupu 50. Juu ya zote ipo haidrojeni, ambayo kilo yake moja hutoa 120.

Kwa nini kuni ziko nyuma hivi? Sababu si uvivu wa mti. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na sehemu ndogo, kama asilimia 6, ni haidrojeni. Lakini zaidi ya asilimia 40 ni oksijeni. Yaani mti umekwisha kushikana na oksijeni tangu ulipokuwa ukiota, na vifungo ambavyo vingeleta faida motoni vingine vimekwisha kufungwa. Ni kama mfanyakazi aliyekwisha kuchukua sehemu ya mshahara wake kabla ya mwisho wa mwezi. Siku ya malipo hawezi kupokea kamili.

Sasa tuirudie ile tarakimu ya 4.2. Mama atakaye kuchemsha lita mbili za maji, kutoka digrii 25 hata digrii 100, yampasa kuyapa maji hayo kilojouli 630. Joto hilo lote limo katika gramu 21 za mkaa. Gramu 21! Hivyo ni vipande viwili vidogo vinavyoenea katika kiganja cha mtoto. Lakini kila apikaye ajua kwamba vipande viwili vya mkaa havichemshi hata kikombe cha chai. Kati ya gramu 21 za hesabu na konzi kadhaa za mkaa tunazotia jikoni, kuna wizi mkubwa umefanyika. Wezi wenyewe ni wanne.

Mwizi wa kwanza: maji

Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Ukinunua kilo moja ya kuni mbichi, nusu kilo ni maji, na maji hayaungui. Ile nusu kilo ya mti halisi yaweza kutoa megajouli 9. Lakini kabla ya moto kukuhudumia wewe, sharti uyapashe yale maji yaliyomo na kuyageuza mvuke, na kazi hiyo hula zaidi ya megajouli moja na robo. Yanayobaki hayafiki 8, ambapo kilo ya kuni kavu ingekupa 15.

Hasara haiishii hapo. Mvuke huupoza moto, na moto uliopoa hushindwa kuziunguza hewa zinazotoka katika mti. Hewa hizo hupaa zikiwa mbichi, zikaganda kuwa moshi na masizi. Ndiyo sababu kuni mbichi hutoa machozi mengi na joto kidogo. Dawa yake haina gharama: kuni zipasuliwe, zipangwe mahali penye upepo chini ya paa, zingojewe wiki kadhaa.

Mwizi wa pili: uhaba wa hewa

Kaboni ikipata hewa ya kutosha, kila atomu hushikana na atomu mbili za oksijeni ikawa kaboni dayoksaidi. Gramu 12 za kaboni zikiungua hivyo hutoa kilojouli 394. Lakini hewa ikiwa haba, kila atomu ya kaboni hushikana na oksijeni moja tu, ikawa kaboni monoksaidi. Gramu zile zile 12 sasa hutoa kilojouli 111 tu. Kilojouli 283, ambazo ni zaidi ya theluthi mbili, hutoroka pamoja na hewa hiyo.

Msomaji amepata kumwona mwizi huyu akikamatwa. Jiko la mkaa likisha kolea, huonekana ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya makaa. Hiyo ni kaboni monoksaidi iliyotoka chini ya mkaa, ikakuta hewa mpya juu, ikaungua na kulipa deni lake. Ndimi hizo zisipoonekana, mara nyingi deni halikulipwa. Yatupasa kuondoa majivu, kutoziba mlango wa jiko, na kutolijaza mkaa hata hewa ikose pa kupita.

Hapa si fedha tu inayohatarishwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikana na damu ya mwanadamu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika nyanda za baridi, kama Njombe na Makete, mtu huona jiko limeacha kufuka, akadhani li salama, akaliingiza chumbani na kufunga madirisha ili watoto wapate joto usiku. Jiko lisilofuka moshi laweza kuwa linatoa sumu hiyo kwa wingi. Kila mzazi na amwambie mwenziwe: jiko la mkaa halilali chumba kimoja na watu.

Na moshi unaoonekana nao una mauti yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa ajili ya hewa chafu ya majumbani, itokayo zaidi katika majiko ya kuni, mkaa, makaa ya mawe, samadi na mafuta ya taa. Wengi wa wanaoivuta kila siku ni akina mama, pamoja na watoto waliobebwa mgongoni. Kwa hiyo moshi ule ule unaotupotezea joto ndio unaotujaza hospitalini.

Mwizi wa tatu: tanuri la porini

Sasa twaja katika jambo zito kuliko yote, nalo ni asili ya mkaa wenyewe. Mchoma mkaa hukata magogo, huyapanga, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyawasha na kuyaacha yafuke kwa siku nyingi. Maji hutoka, hewa nyingi za kuungua hutoka, na kinachobaki ni karibu kaboni tupu. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za mti hutoa kilo 10 mpaka 20 za mkaa.

Tuandike daftari. Kilo 100 za mti mkavu zina megajouli 1,500. Tuseme tanuri limetoa kilo 15 za mkaa. Kwa megajouli 30 kila kilo, tunazo megajouli 450. Zile 1,050 zimekwenda wapi? Kanuni ya Hess yatujibu: joto halikupotea duniani, ila lilitolewa mahali pasipo na sufuria. Sehemu yake ilipasha udongo, na sehemu yake ilipaa kama moshi juu ya misitu ya Pwani, Morogoro na Lindi. Kilo ya mkaa ina joto mara mbili ya kilo ya kuni, hilo ni kweli. Lakini ili kuipata kilo hiyo, kilo sita na zaidi za mti zimetumika.

Si haki kumtukana mchoma mkaa, wala mama wa mjini anayeununua. Mchoma mkaa atafuta riziki penye uhaba wa kazi. Na mkaa una sifa zake: ni mwepesi kuchukua kwa lori au baiskeli, hauozi, haufuki sana, na hauhitaji mtu kukaa akiuchochea. Mwenye chumba kimoja Manzese hawezi kuwasha mafiga matatu juu ya kitanda chake. Lakini haki hiyo isitufumbe macho tusione gharama, kwa maana gharama hulipwa na msitu, na msitu ukiisha hulipwa na chemchemi za maji.

Mwizi wa nne: jiko na sufuria

Mkaa umefika mjini, umenunuliwa, umewashwa. Jiko la bati la kawaida hupeleka ndani ya sufuria kama sehemu moja ya tano tu ya joto. Mengine hutokea ubavuni na kupasha sakafu na miguu ya mpishi. Katika zile megajouli 450, zinazoingia katika chakula ni 90. Rudi sasa mwanzo wa daftari: mti ulikuwa na 1,500, chakula kimepata 90. Ni sita katika kila mia. Ikiwa mtunza fedha wa tawi angeleta hesabu ya namna hiyo mbele ya mkutano, angeulizwa maswali mpaka usiku wa manane.

Lakini wizi huu waweza kupunguzwa kwa mikono yetu wenyewe. Tangu miaka ya 1980 mafundi wa Kenya wamekuwa wakitengeneza jiko la bati lililovishwa udongo wa kuchoma ndani yake. Udongo huzuia joto lisitoroke ubavuni, na jiko la namna hiyo likifanywa vema hufikisha karibu theluthi moja ya joto katika sufuria. Jiko hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Kwa upande wa porini, Senegal ina tanuri liitwalo kwa jina la jimbo la Casamance: ni tanuri la udongo lenye bomba la moshi lililoungwa kwa mapipa ya mafuta, ambalo huongoza hewa ipite sawasawa. Mti ukikaushwa kwanza na tanuri likasimamiwa na fundi, kilo 100 zaweza kutoa kilo 25 za mkaa au zaidi.

Tuunganishe mawili hayo. Kilo 25 za mkaa ni megajouli 750. Jiko la udongo likichukua asilimia 30, sufuria hupata 225. Kwa mti ule ule tumetoka 90 tukafika 225, yaani mara mbili na nusu. Tafsiri yake ni hii: mlo uliohitaji miti mitano sasa wahitaji miwili. Miti mitatu yabaki imesimama, wala hapana mtu aliyelala na njaa.

Sufuria nayo ina adabu zake. Maji yakisha kuchemka hayapandi tena zaidi ya digrii 100, hata ukiyachochea kwa moto wa tanuri. Joto la ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu, na kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula kilojouli 2,260 hivi, ambazo ni mara saba ya joto lililoyatoa maji hayo digrii 25 mpaka 100. Kwa hiyo sufuria inayotokota wazi kwa fujo haiivishi maharage upesi kuliko inayochemka taratibu chini ya mfuniko. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku, mfuniko juu, moto ukapunguzwa baada ya mchemko wa kwanza: hizo ni akiba tatu zisizohitaji mkopo wa benki.

Gesi, na swali la kopo

Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Daftari letu laiunga mkono shabaha hiyo kwa tarakimu. Jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu ya joto katika sufuria. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina megajouli 46. Katika hizo, karibu 25 huingia katika chakula. Kilo moja ya mkaa katika jiko la bati huingiza 6. Basi kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne za mkaa, na mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ya kilo 25 hivi.

Kila msomaji achukue bei za mtaani kwake, azidishe na kugawanya mwenyewe. Wako watakaogundua kwamba mkaa waliouita rahisi ndio ghali. Lakini tusijidanganye kwamba hesabu peke yake yatosha. Mwenye ujira wa siku hanunui joto kwa mtungi. Hununua kwa kopo, kwa sababu fedha ya mtungi mzima haikai mfukoni mwake kwa siku moja. Aliye maskini hulipa zaidi kwa kila megajouli kwa kuwa hana akiba ya kulipia mengi kwa mara moja. Hapo ndipo ushirika, vikundi vya akiba na vyama vya wafanyakazi vyaweza kufanya kazi ambayo kemia haiwezi: kuzikusanya fedha za kopo zikawa fedha za mtungi.

Tupime wenyewe

Twamalizia kwa pendekezo moja. Katika mkutano ujao wa tawi, au katika uwanja wa kiwanda siku ya mapumziko, iletwe mizani ya duka, sufuria yenye mfuniko, na majiko mawili, la bati na la udongo. Pimeni mkaa kabla ya kuwasha. Chemsheni lita mbili za maji. Mara maji yachemkapo, zimeni makaa kwa kuyafunika katika chombo cha chuma, yaacheni yapoe, mpime yaliyobaki. Mkitoa hesabu mtajua gramu zilizotumika. Kumbukeni kwamba kwa kemia gramu 21 zingetosha. Jiko lililotumia gramu 100 limepoteza karibu nne kwa kila tano. Lililotumia 70 limepoteza mbili kwa kila tatu. Andikeni tarakimu hizo ubaoni, mbele ya akina mama na vijana, na fundi wa mtaa aitwe azione.

Jaribio hilo halihitaji maabara ya Paris. Lahitaji mizani, saa moja ya kazi, na watu wasioona haya kuhesabu. Ujinga, maradhi na umaskini vimekaa pamoja juu ya mafiga yetu kwa miaka mingi: ujinga wa kutopima, maradhi ya moshi, na umaskini wa kuunguza mshahara hewani. Na atakayeona moshi mzito ukitoka jikoni kwake jioni ya leo asiseme tu kwamba pana moto. Ajiulize ni shilingi ngapi zinazopaa.